Aliyeuguzwa Akitaka Kuuguza

Mwinjilisti wa mtaa mmoja ulio upande wa mashariki wa Dodoma ameleta swali kwa barua, nami nimeombwa kulijibu kwa sababu nilikuwa mwalimu wa wauguzi miaka mingi kabla ya kustaafu. Barua yake ni ndefu, lakini kiini chake ni hiki. Katika mtaa wake yuko mwanamke wa miaka 29, fundi wa kushona nguo, mwenye ugonjwa wa kisukari tangu alipokuwa msichana wa miaka 16. Kisukari chake ni cha namna ile iwapatayo zaidi watoto na vijana, ambayo mgonjwa hana budi kujidunga sindano ya insulini kila siku ya maisha yake. Sasa ataka kuiacha cherehani, akajifunze kazi ya uuguzi. Baba yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufa, amekataa. Asema, "Mgonjwa hamwuguzi mgonjwa, mwisho wake wote wawili watalala kitanda kimoja." Wazee wa mtaa waliketi mara mbili kushauriana kama wamchangie karo, wasipatane. Basi mwinjilisti auliza: Je, jambo hili lafaa, au twamsaidia dada yetu kujiangamiza?

Nitajibu kwa urefu kidogo, maana swali hili si la mtu mmoja. Katika kila usharika wako watu wenye maradhi ya kudumu: wenye kifafa, wenye selimundu, wenye pumu, waishio na virusi vya UKIMWI, waliopona kifua kikuu au ukoma wakabaki na alama zake. Wengi wao wamekaa hospitalini siku nyingi kuliko wanafunzi wa uganga, na wengine, wakiisha kuangalia kazi ile kutoka kitandani, husema moyoni, "Nami ningeiweza." Nia hiyo siicheki. Wala siisifu kabla haijapimwa.

Kwanza yafaa kujua kwamba jambo hili si geni katika nchi zetu. Wazee wakumbuka makao ya wenye ukoma, kama yale ya Hombolo, si mbali na mji wa Dodoma, yaliyotunzwa na ndugu zetu wa Kanisa la Anglikana. Katika makao mengi ya namna hiyo, hapa Afrika ya Mashariki na kwingineko, daktari alikuwa mmoja kwa wagonjwa wengi sana, au alipita tu mara moja moja. Basi ni nani aliyefunga vidonda, na ni nani aliyechemsha sindano? Mara nyingi walikuwa wagonjwa wenyewe. Mtu aliingia hali ni mkulima wa uwele au mchunga ng'ombe, akakaa miaka, na kwa kuwa alikuwa na akili na mkono mwepesi akafundishwa kazi ya dresa. Kabla ya dawa za salfoni kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ya ukoma ilikuwa mafuta ya chalmugra, yaliyotiwa mwilini kwa sindano, nayo yalikuwa na maumivu makali. Dresa aliyekwisha kuchomwa sindano ile mara nyingi hakuhitaji kuambiwa na kitabu kwamba aichome polepole, wala kwamba asichome leo mahali palipovimba jana.

Lakini madresa wale walikuwa na hatari yao. Ukoma huua mishipa ya fahamu ya mikono, na mkono ukiisha kufa ganzi haujui moto. Mtu aweza kushika sufuria ya kuchemshia mikasi ikiwa imetoka jikoni sasa hivi, asijue kwamba anaungua mpaka asikie harufu. Kwa hiyo mtu kama huyo alihitaji kitambaa kinene, na koleo, na mwenzake wa kumwangalia mikono kila jioni. Na yule aliyeona haya kuangaliwa alikuwa katika hatari ya kupoteza vidole. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la sufuria, maana nitalirudia. (Leo ukoma hupona. Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani liliposhauri dawa za mchanganyiko, mgonjwa akizitumia miezi sita au kumi na miwili, kwa kadiri ya ugonjwa wake, hupona kabisa, na muda mfupi tu baada ya kuanza dawa hamwambukizi mtu. Nalisema kwa sababu bado nasikia watu wakihama benchi kanisani.)

Mfano wa pili ni wa Ulaya, nao ni wa ugonjwa uleule wa dada yetu. Robert Daniel Lawrence alizaliwa Aberdeen, katika Scotland, mwaka wa 1892, akasomea udaktari, akakusudia kuwa daktari wa kupasua. Siku moja alipokuwa akijizoeza kuchonga mfupa wa maiti, kipande kikaruka kikamwingia jichoni. Jicho likaharibika, akalazwa, na walipompima wakaona kwamba ana kisukari. Ulikuwa mwaka wa 1920, na insulini ilikuwa haijapatikana. Kijana aliyeshikwa na ugonjwa huo alihesabiwa kuwa hana miaka mingi. Lawrence akaenda Florence, katika Italia, akafanya kazi ya udaktari huko, akingojea kufa mbali na nyumbani ili asiwahuzunishe jamaa zake. Huku nyuma, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa mwaka wa 1921 kutoa insulini katika kongosho za wanyama, na mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa dawa hiyo. Mwaka wa 1923 Lawrence akapelekewa habari kutoka King's College Hospital ya London kwamba dawa imefika, nayo yafanya kazi, arudi upesi. Akarudi akiendesha motokaa yeye mwenyewe, naye ni mgonjwa sana, akapata sindano yake ya kwanza mwishoni mwa mwezi wa Mei. Kazi ya kupasua hakuirudia tena. Akawa daktari wa wenye kisukari, akawaandikia vitabu vya kuwaeleza chakula chao na dawa yao, na mwaka wa 1934 yeye na mwandishi H. G. Wells, ambaye naye alikuwa na ugonjwa huo, wakaanzisha chama cha wenye kisukari cha Uingereza. Alikufa mwaka wa 1968, akiwa ameishi miaka 45 kwa dawa ile.

Nimeleta habari ya Lawrence kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumjibu baba mkubwa: huyu mgonjwa aliwatibu wagonjwa muda wa miaka zaidi ya arobaini, wala hawakulala kitanda kimoja. Ya pili ni kumwonya dada yetu. Lawrence alikuwa amekwisha kusoma udaktari kabla ya kuugua. Ugonjwa ulimgeuza upande wa kazi, haukumpa elimu ya kazi. Nimewaona wengi waliofika shuleni wakidhani kwamba miaka ya kuugua ni kama darasa mbili tatu walizokwisha kupita. Sivyo. Mtu aweza kuishi na kisukari miaka kumi na mitatu asijue figo hufanya kazi gani.

Ni nini basi ambacho ugonjwa hufundisha? Hufundisha mambo ambayo mimi, niliyekuwa na afya njema siku zote, nilichelewa kuyajua. Mgonjwa ajua maana ya kuketi kwenye benchi tangu alfajiri, na kuitwa saa saba, na kuambiwa arudi kesho. Ajua kwamba mtu akisema "Nimeelewa, daktari," mara nyingi hakuelewa, ila ataka kutoka nje. Ajua kwamba mama akiambiwa "Mpe mtoto maziwa na mayai" huitika kwa heshima, hali nyumbani kuna ugali wa uwele na mlenda tu, tena kwa kipimo. Ajua aibu ya kuinua nguo mbele ya watu wageni. Mwuguzi mwenye afya aweza kujifunza hayo yote kwa muda mrefu, akiwa mnyenyekevu. Yule aliyeugua huja nayo mkononi siku ya kwanza, na ni mali, nami sitaki wazee wa mtaa waihesabu kuwa si kitu.

Sasa nieleze habari ambayo nisingependa kuieleza. Katika miaka yangu ya kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, alikuja msichana mwenye kisukari kama huyu wa barua. Hakuniambia, wala hakumwambia mtu ye yote. Insulini yake aliificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Nami nilikuwa na sheria kwamba mwanafunzi asile wala asinywe kitu mbele ya wagonjwa. Ni sheria njema, na hata leo ningeifundisha. Mara mbili nilimkuta akila peremende wodini. Mara ya kwanza nikamkemea. Mara ya pili nikazitoa mfukoni mwake mbele ya wenzake, nikazitupa. Hakujibu neno.

Wiki ile akapangwa zamu ya usiku. Usiku wa tatu, yapata saa tisa, mzee mmoja aliyekuwa amepasuliwa tumbo akaanza kugonga kitanda chake kwa kikombe, akagonga mpaka mlinzi akaja. Alikuwa amemwona mwuguzi akianguka kati ya vitanda viwili, jasho limemlowesha kama aliyenyeshewa. Alikuwa amejidunga insulini ya jioni kama desturi, kisha wakaletwa wagonjwa wawili wa ajali, asipate nafasi ya kula, na mfukoni hakuthubutu tena kuwa na kitu. Maji ya mishipa ya mgonjwa aliyekuwa akimwendea yalikuwa yamekwisha katika chupa. Kwa rehema hakudhurika mtu. Asubuhi, alipopata nguvu, nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Mwalimu, ungenirudisha nyumbani."

Nami nikanyamaza, maana ilikuwa kweli. Ningemrudisha.

Wasomaji wagawe lawama kama waonavyo; fungu langu nalijua. Tangu siku ile sikumpokea mwanafunzi bila kumwita peke yake na kumwuliza juu ya afya yake, na kwanza nilimwahidi kwamba jibu lake halitamfukuza. Kwa huyu tulifanya hivi: watu watatu waliambiwa, yaani mimi, sista wa zamu, na mwanafunzi mwenzake mmoja aliyemchagua mwenyewe. Akawa na karatasi ya sukari mfukoni daima. Saa yake ya kula ikaandikwa katika orodha ya zamu kama kazi nyingine. Wenzake wakafundishwa dalili: kutetemeka, jasho la ghafula, njaa, moyo kwenda mbio, maneno ya kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu. Mtu akiwa na dalili hizo naye aweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya robo saa, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu cho chote kinywani, bali alazwe ubavu na matibabu yafuatwe upesi. Haya yafaa kujulikana hata na wazee wa kanisa, maana mtu aweza kuanguka katika ibada kama awezavyo kuanguka wodini.

Habari yake haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ina faida kwa dada yetu. Baada ya siri kufunuka, msichana yule alipita kiasi upande wa pili. Ikaletwa wodini mama na mvulana wake wa miaka tisa, ambaye kisukari chake kilikuwa kimegunduliwa jana yake. Mwanafunzi wangu akaketi karibu naye, akamwambia kwa furaha, "Mama, usiogope! Mimi nami ninacho, nimejidunga sindano miaka minane, na mbona ni mzima?" Alikusudia kumfariji. Mama akalia kwa sauti, akakataa kula mchana wote. Jioni nikaenda kumwuliza, akanijibu, "Nilidhani ni sindano za mwezi mmoja." Mtu hapewi miaka minane kwa siku moja. Nikamwambia mwanafunzi wangu kwamba habari yake ni kama dawa kali iliyo kabatini: ni dawa kweli, lakini haitolewi mpaka mgonjwa apimwe, na wagonjwa wengine hawataihitaji kamwe. Kwanza amsikilize mwenzake mpaka mwisho. Alijifunza, ingawa ilimchukua mwaka. Leo yuko katika kliniki ya kisukari ya hospitali moja, na nimesikia kwamba wakina mama humngoja yeye.

Sasa nirudi kwenye sufuria. Kila ugonjwa wa kudumu una sufuria yake, yaani mahali ambapo mwenye ugonjwa huo aweza kuungua bila kujua, na anayetaka kazi hii hana budi kuijua yake kabla ya kuuliza habari za karo. Ya mwenye kifafa ni usingizi: kukosa usingizi huamsha kifafa kwa watu wengi, na zamu ya usiku ni kukosa usingizi kwa amri. Huyo azungumze na daktari wake kama zamu za mchana tu zaweza kupatikana, wala asikae peke yake na vichanga wala penye moto mpaka muda mrefu upite bila kuanguka. Mwenye selimundu aangalie baridi na kiu. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa Juni na wa Julai si mzaha kwake, wala kushinda saa nane bila maji kwa kuwa wagonjwa ni wengi. (Watoto wenye ugonjwa huu wana tumaini ambalo wazazi wetu hawakulijua, kwa maana tangu mwaka wa 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, imeanza kuwapandikiza uloto.) Aishiye na virusi vya UKIMWI, akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, aweza kufanya kazi miaka mingi, sufuria yake ni kifua kikuu, ambacho mwenye kinga dhaifu hukipata kwa urahisi zaidi sana. Na hapo mwenye kisukari yumo pia: hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni mara mbili hata tatu kuliko ya mtu mwingine. Kwa hiyo dada yetu akipangwa katika wodi ya kifua kikuu aseme wazi, avae barakoa ipasavyo, na kikohozi cha wiki mbili asikiite mafua.

Yako mengine juu ya kisukari ambayo wanawake hawa hunyamazia. Mwuguzi husimama kutwa, na miguu ya mwenye kisukari yataka viatu vilivyofungwa, visivyobana, na kuangaliwa kila usiku kama mikono ya madresa wale. Tena kuna insulini yenyewe. Chupa iliyofunguliwa hutumika kama wiki nne ikiwa mahali pasipo joto kali, lakini bweni la wanafunzi mara nyingi halina jokofu, na katika mwezi wa Oktoba na wa Novemba bati la bweni huwaka. Hapa hewa kavu ya Ugogo, ambayo twailaumu kwa mengi, yatusaidia. Twaa vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine. Jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Weka dawa ndani ya chungu kidogo, katika kopo lisiloingia maji, ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Kiwekwe kivulini penye upepo. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo maji yanavyokauka upesi na chungu kinavyopoa, na kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma kuliko Tanga. Kwa wale wenye jokofu, insulini isiwekwe mahali pa barafu, maana ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Nije kwenye shule. Shule zetu za uuguzi zataka mtu aliyemaliza kidato cha nne akafaulu masomo yasiyopungua manne, na katika hayo ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi katika yale manne. Nayasema haya kwa sababu nimeona mzazi mmoja, mtu mwema, akija na cheti cha binti yake akionyesha alama nzuri ya Biblia, akidhani ya kwamba katika shule ya kanisa itatosha. Haitoshi, wala haifai itoshe. Stashahada ni ya miaka mitatu. Katika uwanda wetu wa kati ziko shule za namna mbalimbali: Mvumi kwa Waanglikana, Haydom, ambayo ni hospitali ya Kilutheri upande wa Mbulu tangu mwaka wa 1955, na kwa wanaotaka shahada, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote viwili tangu mwaka wa 2007. Mwinjilisti aandika kwamba dada yetu alifaulu Biolojia, Fizikia, Kiswahili na Jiografia, akaanguka Kemia. Basi kinachomzuia sasa ni Kemia, wala si kisukari! Aweza kuurudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambao hufanyika mwezi wa Novemba, huku akiendelea kushona. Nami namshauri afanye hivyo kabla mzee ye yote hajatoa shilingi, kwa maana anayeweza kusoma Kemia usiku baada ya kutwa ya cherehani, huku akishika saa ya chakula na ya sindano, amekwisha kuonyesha nusu ya yale ambayo shule itamdai.

Juu ya sheria nitasema machache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka wa 2004 yakataza kumbagua mtu kazini kwa ajili ya ulemavu au UKIMWI, na sheria ya UKIMWI ya mwaka wa 2008 yawalinda waishio na virusi. Kisukari hakikutajwa kwa jina katika orodha ile ya mwaka wa 2004. Kwa hiyo dada yetu aende shuleni na barua ya daktari anayemjua, iliyoandika ukweli: ugonjwa wake ni nini, umetulia kwa muda gani, ahitaji nini katika zamu. Barua kama hiyo yamlinda kuliko kunyamaza, na yawalinda wagonjwa atakaowashika. Na kama daktari ataona kwamba mwili wake hautaweza zamu za hospitali, kuna kazi nyingine zilizo jirani, kama ile ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambayo mafunzo yake ni mafupi. Tena uuguzi wenyewe una vyumba vingi. Bibi Florence Nightingale, aliyejifunza kwa miezi michache mwaka wa 1851 katika nyumba ya mashemasi wa kike ya Mchungaji Fliedner huko Kaiserswerth, alishikwa na homa katika vita vya Krimea mwaka wa 1855, na tangu mwaka wa 1857 alilala kitandani kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kitabu chake juu ya uuguzi alikitoa mwaka wa 1859, na shule yake katika hospitali ya St Thomas, London, ilifunguliwa mwaka wa 1860. Mengi ya hayo yalifanywa na mwanamke mgonjwa.

Limebaki neno la wazee na fedha yao. Wale wanaoogopa kwamba fedha itapotea wana haki ya kuogopa. Ni fedha ya watu waliouza mtama na karanga, tena katika mwaka wa mvua chache. Lakini na waulize swali hilohilo kwa kijana mwenye afya, ambaye walimlipia mwaka juzi bila kuketi hata mara moja. Mwinjilisti ananiambia kwamba kijana huyo aliacha shule katika muhula wa pili. Shauri langu ni kwamba watoe kwa muhula, si kwa mwaka, na kwamba sehemu ya mchango iwe ni vipimo vya sukari na vijiti vyake, maana mwanafunzi asiye na vijiti vya kupimia hukisia, na kukisia ndiko kulikomwangusha yule wangu. Mambo haya hayaonekani katika orodha ya karo ya shule yo yote.

Niliyaandika haya yote kwa mwinjilisti mwaka jana, kabla hayajachapwa hapa. Tangu hapo nimepata barua yake nyingine. Dada yetu alifanya mtihani mwezi wa Novemba, na matokeo yalipotangazwa mwezi wa Januari alikuwa amepata D ya Kemia, ambayo ni alama ya chini kabisa ya kufaulu, lakini ni kufaulu. Daktari wake ameandika barua. Wazee wamekubali kulipa muhula wa kwanza, kwa kura moja ya zaidi. Baba mkubwa hajasema kwamba amekubali. Ila siku moja baada ya ibada alimfuata mwinjilisti chini ya mbuyu, akamwuliza kama vyungu vile viwili vyaweza kusafiri katika basi pamoja na mchanga wake, au ni afadhali mchanga uchotwe hukohuko.